Hupa, kile kibanda cha harusi ya Kiyahudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila picha ya harusi ya Kiyahudi ikipita mtandaoni, watu wanaona kitambaa kimesimama kwenye nguzo nne na maharusi chini yake halafu wanaanza kuulizana. Majibu yako kwa mafungu.

## Mambo ya msingi

Hupa ni kitu gani hasa?

Ni kitambaa kimetandazwa juu ya nguzo nne, na bwana harusi na bibi harusi wanasimama chini yake wakati ndoa inafungwa. Basi. Hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna kiti wala meza ukiacha labda kimeza kidogo cha kuwekea divai. Maana yake ni nyumba, yani ile nyumba ambayo hawa wawili wanaianza siku hiyo, na ndio maana iko tupu, kwa sababu bado hawajaweka kitu ndani. Ukishika hilo moja tu, kwamba hupa ni nyumba na sio pambo, maswali mengi yanayofuata yanajijibu yenyewe.

Mbona pande zote nne ziko wazi?

Maelezo wanayotoa Wayahudi wenyewe ni hema la Ibrahimu. Mapokeo yao yanasema hema lake lilikuwa wazi pande zote ili msafiri akitokea upande wowote apate kuingia bila kuzunguka kutafuta mlango, na Mwanzo sura ya 18 tunamuona anakimbilia wageni watatu jua likiwa kali. Kwa hiyo maharusi wanaambiwa mapema kwamba nyumba yenu iwe hivi, mgeni asipate shida kuingia.

Iko kwenye Biblia au ni mila ya baadaye tu?

Jina lipo, umbo hili la nguzo nne halipo. Zaburi 19 inalifananisha jua na bwana harusi anayetoka kwenye hupa yake, na Yoeli 2:16 bibi harusi anaambiwa atoke kwenye hupa yake kwa sababu taifa zima linatakiwa kufunga na kulia. Huko kote ukisoma unaona ni chumba, sio kitambaa.

Talmudi, ule mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, nayo ina habari tamu sana kwenye kitabu cha Gitini, inasema watu wa mji wa Betar mtoto wa kiume akizaliwa walipanda mwerezi, wa kike akizaliwa walipanda mti mwingine jamii ya msonobari, halafu siku wakioana ile miti inakatwa na matawi yake ndio yanajenga hupa. Fikiria mzazi anamwagilia mti miaka yote hiyo akijua kazi yake. Hiyo nayo ilikuwa kibanda cha kujengwa, sio kitambaa cha kubebwa.

Sasa kitambaa na nguzo vilitoka wapi?

Zamani ndoa ilikuwa na hatua mbili zenye muda katikati. Hatua ya kwanza mwanaume anampa mwanamke kitu chenye thamani mbele ya mashahidi, na hapo tayari ni mke wake kisheria ila bado anakaa kwa wazazi wake. Mishna, mkusanyo wao wa sheria za kale, inampa bikira miezi 12 ya kujiandaa. Hatua ya pili ndio anapelekwa kwa mume, anaingia kwenye chumba au hema lililoandaliwa, na hilo ndilo lilikuwa hupa.

Huo mwaka katikati ulileta shida nyingi, sherehe mbili ni gharama, na kibaya zaidi mume akipotea safarini au akikimbia, binti amefungwa, hawezi kuolewa na mwingine bila talaka ingawa hajawahi kulala nyumba moja na huyo mtu. Kwa hiyo kufikia karne ya 12 hivi jumuiya nyingi zilishaunganisha hatua zote mbili siku moja. Mkiunganisha mnahitaji ile "nyumba ya mume" iwepo palepale wanapofungia ndoa, na kitambaa kwenye nguzo kinafanya kazi hiyo, unakibeba unaenda nacho. Rabi Moses Isserles wa Kraków, aliyefariki 1572, anaandika kwamba wakati wake watu wanaita hupa mahali ambapo kitambaa kimetandazwa juu ya nguzo na maharusi wanaingizwa chini yake mbele za watu. Yani kwa Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki huu mtindo una karne kama tano hivi.

Kwa hiyo marabi wote wanakubaliana hupa ni nini?

Hapana, na hawajawahi. Maimonides, mwanasheria wao mkubwa wa karne ya 12, anasema hupa ni pale mume anapomuingiza mke kwake na kukaa naye faragha. Wengine wanasema ni kumfunika bibi harusi shela. Wengine ni taliti, lile vazi la sala lenye vishada, akifunikwa nalo. Na wengine ndio hiki kibanda. Walichofanya watu ni kutochagua, harusi ya leo inafanya karibu yote kwa mpangilio, shela kwanza, halafu kibanda, halafu faragha, ili kila rai iwe imetimizwa. Mimi naipenda sana hii namna yao ya kumaliza ubishi.

## Kuitengeneza

Inatengenezwa na nini, na ukubwa wake?

Sheria haitaji rangi wala kipimo. Iwatoshe maharusi wawili, anayeongoza, na ikiwezekana wazazi pembeni. Wengi wanatumia taliti, mara nyingi ya baba au ya babu aliyefariki, na hapo utaona kitambaa kina doa la divai au ukingo umefifia na hakuna anayefikiria kukibadilisha. Wengine wanashona vipande vya nguo za ndugu kuwa kitambaa kimoja. Masinagogi mengi yana hupa yao ya mahameli iliyodariziwa, na maneno yanayopendwa kudariziwa ni ya Yeremia 33:11, sauti ya furaha na sauti ya shangwe, sauti ya bwana arusi na sauti ya bibi arusi.

Nguzo zinasimikwa au zinashikwa na watu?

Yote yanafanyika. Zikishikwa, wanaoshika ni ndugu au marafiki wanne na ni heshima kubwa kupewa, ila ujue sio kazi ndogo, hafla inaenda nusu saa na zaidi, mkono unachoka, kona moja inaanza kushuka hadi kitambaa kinagusa kofia ya rabi, ndio unaona mtu anasogea kimyakimya kumpokea mwenzake. Kwa maoni yangu hii ndio namna nzuri kupita zote, nyumba inasimama kwa sababu kuna watu wanaishikilia.

Maua ni lazima?

Sio lazima. Watu wa mapambo siku hizi wanaziba kila kitu kwa maua mpaka kitambaa hakionekani, sio kosa kisheria mradi kitambaa kipo na kiko juu ya maharusi, ila mapazia mazito pande zote nne yanaua ile maana ya kuwa wazi.

Inawekwa nje au ndani?

Ashkenazi, yani Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wanapendelea nje chini ya anga, kwa sababu Mungu alimuahidi Ibrahimu uzao kama nyota. Ndio maana kumbi nyingi zinazopokea harusi zao zina uwazi kwenye paa, unafunguliwa hapo juu ya hupa. Sefaradi, wenye asili ya Hispania, Afrika kaskazini na Mashariki ya Kati, kwa kawaida hawana shida kufungia ndani, sinagogi au ukumbini.

## Kinachofanyika chini yake

Mtiririko mzima ukoje?

Kabla ya hupa, ketuba, yani hati ya ndoa, inasainiwa na mashahidi wawili. Kisha kwa Ashkenazi bwana harusi anaenda kwa bibi harusi, anamwangalia usoni halafu anamshusha shela, wanakumbuka Yakobo aliyepewa Lea akidhani ni Raheli. Bwana harusi anaingia kwanza kwenye hupa akisindikizwa na wazazi, mara nyingi wameshika mishumaa, kwa sababu ile ni nyumba yake na yeye ndiye anampokea mke. Bibi harusi anakuja, anazunguka, anasimama kulia kwake.

Hapo linaanza lenyewe, baraka mbili kwenye kikombe cha kwanza cha divai, wanakunywa, pete, kisha ketuba inasomwa kwa sauti. Hiyo ketuba kusomwa katikati ina kazi, inatenganisha zile hatua mbili za zamani ili zisichanganyike. Baadaye kikombe cha pili na baraka saba, mara nyingi kila baraka anapewa mjomba huyu, rafiki yule. Wanakunywa, glasi inavunjwa, watu wanapiga kelele "mazal tov", yani hongera, muziki unapasuka.

Kwa nini bibi harusi anamzunguka mume mara saba?

Ni mila ya Ashkenazi, na wengine wanazunguka mara tatu. Maelezo ni mengi, siku saba za uumbaji, au Yeremia 31:22 inayosema mwanamke atamzunguka mwanaume. Kuna wanandoa wa leo wanaozungukana, bibi harusi mara tatu, bwana harusi mara tatu, na ya saba wote pamoja. Waorthodoksi, yani Wayahudi wanaoshika sheria za zamani kwa ukamilifu, hawafanyi hivyo.

Pete mbona haina jiwe, na mbona anavalishwa kidole cha shahada?

Pete ndio kile kitu chenye thamani cha hatua ya kwanza. Lazima iwe mali ya bwana harusi mwenyewe, sio ya kuazima, na iwe ya kawaida bila jiwe ili bibi harusi asije akadhani ina thamani ambayo haina, maana akikubali kwa kudanganyika ndoa inaingia doa. Kima cha chini ni peruta moja tu, sarafu ndogo kabisa ya zamani. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia ni ili mashahidi waone vizuri, baadaye anaihamisha popote anapotaka. Maneno ni haya, "Tazama, umewekwa wakfu kwangu kwa pete hii, kwa sheria ya Musa na Israeli."

Zamani Ujerumani kulikuwa na pete za harusi zenye kijumba juu yake. Ile maarufu ya mji wa Erfurt ni ya dhahabu, ina kinyumba chenye paa lililochongoka na maandishi "mazal tov". Iliingia kwenye hazina iliyofichwa wakati Wayahudi wa mji ule walipouawa mwaka 1349, na ikafukuliwa 1998. Mtu aliyeificha hakurudi kuichukua. Unaona hata kwenye pete walichonga nyumba.

Ketuba ndio mahari?

Inafanana na mahari ya Kiislamu ile inayoahirishwa kuliko mahari ya makabila yetu mengi. Hailipwi kwa wazazi. Ni hati ya deni, imeandikwa kwa Kiaramu, inayosema mume akimpa mke talaka au akifa, mke alipwe kiasi hiki, zuzi 200, sarafu za fedha za zamani, kwa aliyeolewa akiwa bikira na 100 kwa mjane au aliyeachika, pamoja na nyongeza. Pia inataja wajibu wa mume, chakula, mavazi, na haki ya ndoa. Hati ni ya mwanamke, anakabidhiwa palepale chini ya hupa.

Kwa nini wanavunja glasi siku ya furaha?

Talmudi inasema Mar mwana wa Ravina alikuwa anamuozesha mwanae, akaona marabi wamefurahi kupita kiasi, akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400 akakivunja mbele yao, wakatulia. Baadaye ikafungamanishwa na Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa na Warumi mwaka 70, kwamba hata siku hii kuna kitu hakijakamilika. Wengi wanatamka kwanza Zaburi 137, "Nikikusahau, Ee Yerusalemu". Siku hizi glasi inafungwa kwenye kitambaa au bahasha ili vipande visimchome mtu, inawekwa sakafuni, bwana harusi anakanyaga kwa mguu wa kulia. Isipovunjika mara ya kwanza anarudia tu, hakuna mkosi.

Ujerumani ya kusini kuna masinagogi ya zamani yenye jiwe maalumu ukutani kwa nje, limechongwa nyota, na bwana harusi alikuwa anarusha glasi ipasukie hapo.

Wakitoka kwenye hupa wanakwenda wapi?

Kwa Ashkenazi moja kwa moja chumbani, wawili tu, mlango unafungwa na mashahidi wanasimama nje. Ni dakika chache, wanakula kitu kidogo maana wengi walifunga tangu asubuhi. Hii ndio ile rai ya Maimonides. Sefaradi wengi hawafanyi, kwao faragha ni wakifika nyumbani.

Na fungate yao ya kimila sio kwenda hotelini. Siku saba wanazungushwa kwenye nyumba za ndugu na marafiki, kila mlo ukiisha baraka saba zinarudiwa, ila lazima kila siku awepo mtu mpya ambaye hakuwepo mwanzo, Sabato peke yake ndio haidai. Kwa hiyo ukialikwa siku ya nne hujachelewa, unahitajika.

## Nani, lini, wapi

Wayahudi wote wanatumia hupa ya nguzo nne?

Leo wengi wanayo, lakini Sefaradi kuna jumuiya wanaotandaza tu taliti juu ya vichwa vya maharusi, ndugu wakishika kingo. Madhehebu ya Marekebisho, yani Wayahudi wa mrengo wa kisasa, yanaruhusu pete mbili na rabi mwanamke, na yanafungisha pia ndoa za jinsia moja. Waorthodoksi hayo hawayakubali.

Kuna siku hupa hairuhusiwi?

Zipo. Sabato na sikukuu kubwa hapana. Wiki tatu za maombolezo kati ya tarehe 17 Tamuzi na 9 Avu, miezi ya kalenda yao, hapana, na sehemu ya siku zilizo kati ya Pasaka yao na Shavuoti, sikukuu inayokuja wiki saba baadaye. Jumanne inapendwa, kwa sababu siku ya tatu ya uumbaji Mungu aliona ni vyema mara mbili.

Huku Afrika Mashariki ipo?

Ipo. Nairobi kuna jumuiya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, sinagogi yao iko pale Uhuru Highway inapokutana na University Way. Na Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, jumuiya ya Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wakapitia wakati wa Idi Amin ambapo dini yao ilipigwa marufuku, na leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyepata daraja hilo Los Angeles mwaka 2008.

## Maswali ya pembeni

Bila hupa ndoa inasimama?

Ile ya nguzo nne ikikosekana kabisa, taliti juu ya vichwa inatosha. Kinachoibeba ndoa ni mwanaume kutoa kitu chenye thamani, mwanamke kukubali, mashahidi wawili wanaofaa wasio ndugu, na kuingia katika nyumba. Hata rabi kwa asili sio sharti, anakuwepo kwa sababu sheria ni nyingi na kosa ni rahisi. Baraka saba ndio zinataka watu kumi.

Upepo ukiiangusha katikati ya hafla?

Inainuliwa, wanaendelea. Ndoa haiharibiki. Mvua nayo watu wanaingia ndani. Ila kama ziko za kusimika, fungeni mawe kwenye vitako kabla, maana nguzo ikimdondokea mzazi na mshumaa wake mkononi hayo ni mambo mengine.

Harusi ya Kana ilikuwa na hupa kama hii?

Ya nguzo nne, hapana, hiyo imekuja karne nyingi baadaye. Wakati ule bibi harusi alikuwa anapelekwa usiku kwa maandamano hadi nyumbani kwa bwana harusi, ndio unaelewa wale wanawali kumi wenye taa kwenye Mathayo 25 walikuwa wanasubiri nini. Mhubiri akikuonyesha picha ya kitambaa na nguzo akisema ndivyo ilivyokuwa Kana, amechanganya nyakati.

Sisi ni Wakristo, tunaweza kuweka hupa kwenye harusi yetu?

Kusimama chini ya kitambaa chenye maua hakuna mwenye hatimiliki, kaeni. Ila msisome ketuba, msitamke yale maneno ya pete, na msivunje glasi kwa sababu inapendeza kwenye video. Ketuba ni hati ya kisheria inayomlinda mwanamke wa Kiyahudi, na glasi ni msiba wa watu wenyewe. Nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona maMC wanaigeuza shangwe ya ukumbini, na mtu ambaye babu zake walibeba hilo jambo karne 19 akiangalia anaumia.

Ni kweli kuna hupa iliwahi kufungwa makaburini?

Ni kweli. Ulaya mashariki kwenye karne ya 19, kipindupindu kikiingia mji, jumuiya ilikuwa inawaozesha yatima au watu fukara wasio na uwezo wa kuoa, hupa inasimikwa makaburini, mji mzima unachanga mahari, vyombo, kila kitu. Waliamini kumjengea nyumba asiye na mtu ni tendo zito mbele za Mungu kiasi cha kuzuia tauni. Mwaka 2020 corona ilipopamba moto, ilifanyika tena Bnei Brak, Israeli.

Israeli mtu anaweza kuoana bila hupa?

Kwa Myahudi ndani ya nchi, ndoa inayotambulika inapitia kwa marabi wa serikali, ndoa ya kiraia hakuna. Asiyetaka au asiyeruhusiwa anapanda ndege kwenda Cyprus, anaoana kwenye ofisi ya manispaa, anarudi na cheti. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1963 kwamba serikali lazima iiandikishe hiyo ndoa. Wengi wakirudi wanafanya hupa yao wenyewe shambani, na cheti cha Cyprus kiko kwenye droo.

Ketuba ikipotea au ikiungua?

Hili watu hawalijui. Sheria inakataza mume na mke kuendelea kukaa pamoja hati ikiwa haipo, hata kama wana wajukuu, kwa sababu mke amebaki bila kinga yake. Wanamuona rabi haraka, inaandikwa nyingine ya kuchukua nafasi ya ile, mashahidi wawili wanasaini. Hupa hairudiwi, pete hairudiwi, karatasi tu.